Nguo ya Mtoto Inyamaze

Mama Mushonaji hakuwahi kukuuliza mtoto ana miaka mingapi. Alitazama kwanza kifuani. Ungempelekea mtoto apunguziwe kaputula kiunoni, naye macho yake yangekwenda moja kwa moja kwenye fulana, na kama fulana ilikuwa na maandishi au picha, kaputula ilisubiri.

"Huyu njo nani?" angeuliza, kidole chake kikiwa juu ya uso wa mtu aliyechapwa pale.

Ukisema hujui, umejitafutia mwenyewe.

"Humujui, na umemupandisha juu ya mutoto wako?"

Sitasema alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Sikuwahi kumuuliza, naye hakuona haja ya kunieleza. Tulikuwa majirani miaka kumi na mmoja hapa Kalemie, juu kidogo ya reli, ua lake na langu vikitenganishwa na mstari wa mihogo ambayo hatukukubaliana hata siku moja ni ya nani. Nitasema niliyoyaona. Na nitasema mapema, ili msomaji asije akanidhania wema nisiokuwa nao: kabla hajafa aliniomba jambo moja, nikaitika, halafu nikafanya kinyume chake. Aliomba uso wake usichapwe kwenye nguo ya mtoto yeyote.

Mimi nauza nguo za watoto sokoni, nguo za balo, yale marobota ya mitumba yanayovuka ziwa kutoka Kigoma. Kwa hiyo mimi na yeye tulikuwa paka na panya hata kabla ya kufahamiana vizuri. Robota la watoto likifunguliwa, nguo isiyo na kitu kifuani ni ya kutafuta. Kuna mbwa wanaotoa ulimi, magari yenye macho, mabinti wa kizungu wenye nywele za njano, majina ya vilabu vya mpira, majina ya viwanda vya rangi na vya matairi, na maneno, maneno mengi, ya lugha ambazo sisi sote hapa hatuzisomi. Wateja wangu wanazipenda hizo. Mama anamwinulia mwanawe fulana juani, anaona rangi nne, anafurahi, nami nafurahi. Mama Mushonaji alipita mbele ya meza yangu na kikapu chake cha ndagala, dagaa wetu wa ziwa, akasimama, akaniangalia kama anayeangalia mtu anayeuza dawa zilizooza.

"Weye unapangisha kifua cha watoto," aliniambia siku ya kwanza kabisa, mbele ya wateja.

"Mama, mimi ninauza nguo."

"Muntu akitaka kuweka kibao yake juu ya nyumba yako, anakuomba. Mutoto, nani alimuomba?"

Nilimwambia aende akashone. Akaenda, akashona, na kesho yake yule mtoto niliyemuuzia fulana ya tairi alipita sokoni akiwa na mraba wa kitenge kifuani. Tairi lilikuwa limeondoka. Nilichukia siku nzima.

Kazi hiyo aliiita kufunga. Hakusema kukata wala kutia kiraka, alisema kufunga, kwa maana ya kufunga mdomo. Alichora kwa chaki mraba kuzunguka picha, akaitoa yote kwa makasi, akaweka kipande cha kitenge kutoka kwenye mabaki yake, akakunja kingo mara mbili ili zisimwashe mtoto, kisha akapitisha mashini pande zote nne, mara mbili. Hakupiga duara hata mara moja. Alisema duara linavutia macho. Mtaa wetu wote ukawa na watoto wenye mraba huo, na shuleni wenzao waliwaita watoto wa dirisha. Baadhi walilia. Yeye alisema kulia kutakwisha.

"Nguo ya mutoto inyamaze." Hayo aliyasema mara nyingi kuliko salamu. Mtu akimwambia habari za asubuhi, huku kabeba mtoto aliyeandikwa, ndiyo jibu alilopata.

Vile vipande alivyokata hakuvitupa. Nilidhani anavichoma, mpaka siku niliyokaa kwenye kiti chake bila kuombwa, nikahisi mto wake mgumu umejaa mabonde. Aliufungua mshono wa pembeni akanionyesha. Mbwa, magari, wachezaji, wagombea wa kila uchaguzi, wote wamekunjwa humo ndani. Miaka yote ile, akishona, alikuwa anawakalia.

"Hapo njo fasi yao," alisema, akaketi tena.

Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Nadhani urafiki wetu ulianzia hapo, juu ya mto huo.

Baada ya hapo alianza kunitumia. Simu yangu inaweza kusoma maneno ya kigeni ikayageuza Kifaransa, na yeye alipogundua hilo hakunipa nafasi ya kupumua. Kila nguo iliyomfikia aliniita ng'ambo ya mihogo. Nami nikaanza kuelewa vitu nilivyokuwa nauza. Kulikuwa na blauzi ya mtoto mchanga iliyosema huyu mdogo hakupangwa, alitokea tu. Kulikuwa na fulana ya mtoto wa miaka mitano iliyosema msiniulize, mimi ni mjinga kama baba yangu. Na kulikuwa na suruali ya msichana wa miaka tisa, ya rangi ya waridi, nimeshaiuza mimi kwa mikono yangu, imebaki picha yake tu kwenye simu, na nyuma, juu ya makalio, ilikuwa imeandikwa neno moja. Simu ilisema: tamu.

Mama Mushonaji aliniomba nisome tena. Kisha akaniuliza, polepole, kama anauliza bei ya chumvi.

"Ulimuuzia mutoto wa nani?"

Nikamtajia. Aliinuka, akaenda mwenyewe mpaka nyumba hiyo, karibu na stesheni, akarudi na suruali. Mama wa yule msichana alinijia sokoni kunitukana, kana kwamba mimi ndiye niliyeandika. Nilikuwa nimeshaanza kujitukana hivyo hivyo. Tangu siku hiyo, robota likifunguliwa, fulana nyeupe tupu zisizo na kitu niliziweka kando kwa ajili yake. Tuliziita zinazonyamaza. Nilikuwa na mfuko wake maalumu chini ya meza.

Msimfanye mtakatifu. Hakuwa mpole na watoto. Akiwapima aliwafinya wasimame wima, hakuwapa peremende, hakuwaambia wamekua. Alikuwa na tabia moja tu ambayo iliwatisha: akimaliza kumpima mtoto alimshika kidevu na kumtazama usoni, muda mrefu kupita adabu, kama anakariri. Riziki, binti yangu, aliniambia macho ya Mama Mushonaji yanakula. Nilimkemea, lakini nilikuwa nimeona hivyo hivyo.

Halafu kulikuwa na ule uzi mwekundu. Kila nguo ya mtoto iliyopita kwake, iwe mpya au ya kupunguzwa, aliitia alama ndani ya pindo la chini, kwa mkono, uzi mwekundu, si kubwa kuliko ukucha. Kila mtoto na yake. Mmoja alikuwa na msalaba, mwingine jani, mwingine samaki. Riziki alikuwa na ngazi ya vidaraja vitatu. Hakuandika popote, alizikumbuka zote. Nilimuuliza alama hizo ni za nini, kwani hakuna anayeziona.

"Ni ya mama yake," alisema.

"Mama yake afanyie nini?"

"Siku akiitafuta, ataiona."

Nilidhani ni mambo ya wizi wa nguo kambani.

Na yeye mwenyewe, mtu huyu aliyewapigania watoto wasivae nyuso, alikuwa anavaa nini? Pagne, yaani kitenge cha kujifunga, ya jubilei ya padri, uso wa padri ukiwa mkubwa kama sahani, mmoja mbele na mmoja nyuma. Pagne ya Machi nane yenye maneno ya haki za wanawake yakizunguka kiuno. Nilimngojea kanisani nikamwambia, Mama, leo padri amekukalia. Hakutikisika.

"Mimi ni muntu mukubwa. Nilimuchagua mwenyewe. Nikimuchoka nitamuvua."

"Na mtoto akikuambia ameichagua fulana yake?"

"Mutoto anachagua sukari pia."

Hapo hoja yake ilikuwa nyembamba, na alijua, maana aliondoka haraka. Kuna watoto waliolia kweli kwa ajili ya mchezaji wao kifuani, na hakuwasikiliza. Aliwafunga wote.

Parokia ilimletea siku moja fulana za kwaya ya watoto, zimechapwa mtakatifu msimamizi wao, apunguze mikono na kupiga mapindo. Ni kazi ya heshima, na hakuikataa. Jumapili ya sikukuu watoto wakaingia wakiimba, weupe mtupu. Alikuwa amegeuza kila fulana ndani nje, akapiga mapindo upya kwa usafi kiasi kwamba usingejua upande wa nje ndio upi. Mtakatifu alikuwa ndani, ameelekea ngozi. Padri alimwita baada ya misa, nasi tukasogea karibu tusikie.

"Mama, mtakatifu wetu yuko wapi?"

"Anaangalia roho zao, Padri. Huko njo kazi yake."

Padri alicheka, na kwa hilo watu wakacheka. Angekuwa mkali, wangekuwa wakali. Nasema hivyo kwa sababu niliona mara nyingine walivyokuwa.

Ilikuwa ni watu wa gari jeupe. Shirika lilikuja mtaani kwetu, likaandika watoto ambao wangesaidiwa shule, likawagawia kila mmoja fulana ya njano yenye alama yake, mikono miwili imeshika jani. Waliambiwa wazivae wiki ijayo, wageni wakubwa watakuja na kamera. Riziki alikuwa kwenye orodha hiyo. Mimi nilikuja Kalemie nikikimbia vita ya Nyunzu, na sanduku moja na mtoto mgongoni, na kwa mara ya kwanza mtu alikuwa ameliandika jina la binti yangu kwenye karatasi kwa ajili ya kumpa kitu. Nililala vizuri wiki hiyo.

Fulana zilikuwa kubwa. Kina mama wakampelekea Mama Mushonaji azipunguze, na hakuna aliyefikiria, hata mimi. Siku ya wageni tulizichukua asubuhi, zimekunjwa. Tulipozikunjua gari lilikuwa limeshafika. Kila mtoto alikuwa na mraba wa kitenge mahali pa mikono na jani.

Yule mwenye kamera aliwatazama watoto, akamtazama mwenzake, wakaongea Kiingereza. Walipiga picha chache kwa mbali. Wakaondoka, na hawakurudi. Sijui kama ni kwa sababu hiyo. Huenda walikwenda mahali pengine kwa mambo yao, maana mashirika huja na kwenda. Lakini mtaa haukutaka kusikia neno huenda. Walimwita mchawi mbele ya mlango wake. Mimi sikumwita mchawi. Nilifanya vibaya zaidi, nilipita kwenye ua wake na kumwambia kwamba mtu asiyewahi kulea binti hawezi kujua uchungu wangu.

Aliendelea kuzungusha gurudumu la mashini kwa mkono, bila nguo chini ya sindano.

Miezi miwili sikumsalimu. Yeye alinisalimu kila asubuhi juu ya mihogo, sauti ile ile, bila kisasi na bila kujipendekeza. Shule zilipofunguliwa nilikuta juu ya kamba yangu ya nguo sare ya Riziki, blauzi nyeupe na sketi ya bluu, imeshonwa kwa kitambaa kipya. Ndani ya pindo kulikuwa na ngazi yake. Nilienda kumshukuru, naye akasema nisimzuie mwanga.

Macho yalimwisha mapema. Mwishoni hakuweza kutunga uzi, kwa hiyo kila asubuhi kabla ya soko nilipita kumtungia sindano kumi, nikazichomeka kwenye pazia lake zikingoja. Asubuhi moja nilichelewa, nikamkuta ametunga moja mwenyewe. Aliishika juu, uzi kati ya vidole, huku anacheka. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo, meno yote, kama msichana. Nikatoa simu nikampiga picha.

"Ufute."

"Ni nzuri, Mama. Ungejiona."

"Mama Riziki, ufute hiyo kitu."

"Nimefuta," nikasema.

Sikufuta. Huo ndio uongo wangu wa kwanza.

Wa pili ulikuja wiki chache baadaye. Alikuwa hashoni tena, alikaa tu kwenye mto wake wa nyuso, mikono juu ya mashini. Nilikuwa nazungumza mambo ya soko, kwamba uchaguzi unakaribia na vijana wa mgombea fulani wanagawa fulana hata kwa watoto. Akasema, bila kunitazama, kwamba yeye aliwahi kuzishona hizo.

"Zipi, Mama?"

"Za mugombea. Si huyu. Mwingine, zamani, weye ulikuwa bado huko Nyunzu. Waliniletea fulana za wakubwa, rundo, nizifanye za watoto. Walitaka watoto waende kumuimbia kijiji fulani, upande wa Moba, pembeni ya ziwa. Nilifurahi, mutoto wangu. Walinichagua mimi katika washonaji wote. Nilizishona zote sawasawa, kipimo kimoja, mushono mumoja, zipendeze kwa musitari. Na binti wa kwangu nilimuvalisha. Alikuwa na miaka minane."

Nilikuwa sijui kwamba aliwahi kuwa na binti. Nilijua mwanawe mmoja tu, kijana anayeishi Lubumbashi. Nikakumbuka nilichomwambia siku ile ya gari jeupe.

"Walienda vizuri," alisema. "Waliimba. Kurudi, upepo ukaamuka, boti ilijaa kupita. Wakawatoa, wakawapanga kwa muchanga. Sisi wamama tukakimbia. Kila moja alikuwa amevaa muntu yule. Wote. Mimi mushonaji, Mama Riziki. Muntu akinionyesha mushono wangu kati ya mia ninaujua. Na pale mushono wote ulikuwa wa kwangu. Nilipindua watano mbele ya kumufikia wa kwangu. Watano, watoto wa wenzangu, na yule muntu anacheka. Anacheka juu ya kila mutoto."

Nje treni ya mizigo ilikuwa inapanga mabehewa, na tulingoja kelele ipite. Nilimshika mkono, akauacha ushikwe.

"Na yule mgombea?"

"Alituma unga." Akapapasa mto chini yake. "Na fulana zingine, za kilio."

Kisha akaniomba. Hapa kwetu, mtu akifa, familia inachapa fulana zenye uso wake, na maneno ya kumuaga, na kilio chote kinavaa, wakubwa kwa wadogo. Imekuwa desturi kiasi kwamba msiba usio nazo watu wanauonea haya.

"Wakubwa wavae wanachotaka," alisema. "Watoto hapana. Usiache waniweke kwa kifua cha mutoto. Weye uko hapa, kijana wangu iko mbali. Utawaambia?"

"Ndiyo, Mama. Nitawaambia."

Alikufa mvua zilipoanza, mchana, kwenye kiti chake. Kijana wake alifika kutoka Lubumbashi siku ya tatu, mtu mzima mwenye mvi, viatu vimejaa tope, na macho ya mama yake. Aliniita pembeni ya jiko ambapo tulikuwa tunapika bukari, ugali wa wafiwa.

"Mama Riziki, watu wanasema uko na picha ya Mama."

"Niko nayo."

"Unipatie. Hapa hatuna hata moja. Nataka kuchapa fulana, za watoto wa mutaa wote aliowashonea."

Nilimwambia. Sitaki mtu aseme sikumwambia.

"Mama hakutaka hiyo. Kwa watoto hakutaka. Alinituma nikuambie."

Alitazama chini.

"Ninajua kwa nini hakutaka. Yule mutoto wa ziwani alikuwa dada yangu." Akapangusa uso kwa mkono wa shati. "Miaka kumi na mbili sikurudi hapa. Baba sikumuzika. Leo nimuzike Mama kama muntu asiye na kizazi, watu waangalie watoto wamevaa hovyo hovyo? Mama alikuwa na huzuni yake, Mama Riziki. Mimi niko na yangu."

Ningeweza kukataa. Picha ilikuwa kwenye simu yangu, na simu ilikuwa mfukoni mwangu. Watu hupenda kusema katika mambo kama haya kwamba mfiwa habishiwi, na mimi nilijiambia hivyo kwa siku kadhaa. Lakini ukweli ni kwamba nilitaka ile picha ionekane. Nilikuwa nimeificha muda mrefu, uso ule unaocheka ambao hakuna mtu mwingine aliyeuona, na nilitaka watu waseme, nani alimpiga hii, na waambiwe ni mimi. Nikampa. Akasema vijana wanaochapa hawana fulana nyeupe za watoto za kutosha. Nikaenda sokoni, nikavuta ule mfuko chini ya meza, nikampa na zile zinazonyamaza.

Zilikuja asubuhi ya maziko zikinuka rangi. Walikuwa wamekata picha ili uso uwe mkubwa, kwa hiyo sindano haikuonekana, ni vidole viwili tu vimebana hewa. Chini waliandika, MAMA UTAISHI NDANI YETU. Watoto walipigana kuzipata. Riziki alivaa yake akazunguka mbele yangu, akaniuliza kama anapendeza. Nikasema ndiyo. Huo ulikuwa uongo wa tatu, nikihesabu.

Watu waliisifu picha, na waliambiwa ni mimi.

Tulirudi kutoka makaburini saa nane hivi. Kina mama tulikuwa tunapakua chakula mtu akasema watoto wote wameteremka ziwani kunawa miguu. Hakuna aliyeshtuka, watoto wa hapa wanaogelea kabla ya kusema. Mimi nikaweka mwiko chini. Nilivuka reli nikateremka, mwendo wa kawaida kwanza, halafu nikaona majani ya migomba yanavyopinduka kwa upepo, nikaanza kukimbia.

Mawimbi yalikuwa yameamka. Watoto walikuwa kundi, wengine mchangani, wengine maji ya magoti, wengine ya kiuno, wanarushiana maji na kupiga kelele, jua likipiga usoni kwangu. Wote weupe, wote wamelowa. Nikaita Riziki. Wakageuka wengi, kama watoto wanavyofanya mtu mzima akiita, na vifuani mwao Mama Mushonaji akageuka nao, wote kwa pamoja.

Sikumwona binti yangu. Naapa sikumwona. Nilikuwa natazama sura moja tu.

Niliingia majini na pagne yangu ya kilio. Nikamshika wa karibu, msichana, nikapindua pindo la fulana yake kutafuta ngazi ya vidaraja vitatu. Hapakuwa na kitu. Nikamwachia, nikamshika mwingine, nikapindua. Hapakuwa na jani wala msalaba wala samaki. Zilikuwa fulana zangu mwenyewe, zimetoka kwenye robota mpaka kwa mchapaji bila kupita kwa mshonaji yeyote, na mimi niliyezitoa nilikuwa natafuta humo uzi wa mtu tuliyemzika saa moja kabla. Nililijua hilo na mikono ikaendelea. Wa tatu alianza kulia. Wa nne alinikimbia nikamkamata. Wa tano alikuwa mtoto wa jirani, ananijua, akaniambia mama, unaniumiza.

"Mama, unatafuta nini?"

Riziki alikuwa amesimama nyuma yangu mchangani, mkavu, hajagusa hata maji, viatu vyake vya kanisani mkononi. Nilitoka majini, nikapiga magoti mbele yake, nikapindua na pindo lake pia, nikalipapasa lote kuzunguka, mbele na nyuma, kwa vidole vilivyolowa. Halikuwa na uzi. Na hapo juu, karibu na uso wangu, Mama Mushonaji alikuwa anacheka, vilevile alivyocheka asubuhi ile niliyomwambia nimefuta.